Kitoroli

Miaka mitatu nimelaza kichwa juu ya kibodi,
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nikimfundisha kijana wa rangi tupu, asiye na mifupa,
kusukuma toroli la mkonge relini
bila kupinduka kwenye kona ya Pongwe.
Nimemwita Singano. Kofia yake ni ya babu yangu.
Akifa hukohoa kidogo, kisha anaanza upya.

Kizuri chajiuza, walisema wa kale.
Basi mimi ni kibaya, maana nimejitembeza:
nimebandika karatasi ukutani kwa kinyozi,
na mlangoni pa banda la mpira, juu ya tangazo la kung'oa meno.
Niliandika, kwa wino mwekundu, SI BURE.
Mvua ya Jumanne ikafuta SI.

Kitwana, mpiga video za harusi,
alinitengenezea tangazo la sekunde arobaini.
Akatia mawaridi yanayodondoka. Akatia jina langu kwa dhahabu.
Nikamwambia, Kitwana, huyu ni kuli wa mkonge.
Akanijibu, Kwani kuli haoi?
Nikayaacha mawaridi.

Ijumaa, saa mbili usiku, nikabonyeza.
Saa mbili na dakika sita Luku ikaisha.
Nikakaa gizani na simu yenye asilimia tisa,
navuta ukurasa, navuta,
kama mtu na kamba ya kisima kikavu:
moja.
Ni mimi mwenyewe, nimejinunua.
Mbili: mama, aliyefuta picha za arusi ya dada ili nafasi ipatikane,
na kuufungua hajui.
Kufika Jumapili, ishirini na tatu.
Mmoja yuko Singida. Nina nani mimi Singida?
Nimemuwaza wiki nzima.
Mwingine kanipa nyota moja: "Mzuri ila hauna bunduki."

Elfu mbili mara ishirini na tatu.
Toa makato, toa bando,
toa gundi ya unga wa ngano niliyoikoroga kwa sufuria ya watu.

Mwezi ukapita. Ndipo nikasikia habari za Salame,
fundi simu wa karibu na soko la Mgandini,
kwamba kila simu anayoibadilisha kioo
huirudisha na Kitoroli ndani,
kimenakiliwa, hakijalipiwa,
kama kishada cha mchicha cha nyongeza.

Nilikwenda kugombana. Njiani nilijipanga:
haki yangu, jasho langu, polisi ikibidi.
Nikakuta foleni.
"Na wewe wataka ule wa mkonge?" akauliza bila kuinua macho,
bisibisi mdomoni.
"Mwenye simu mbovu hapewi kwa pesa."
Nikaionea aibu simu yangu nzima.

Kwenye benchi, msichana wa darasa la nne hivi,
chaki kwenye sketi, alisogea nipate kuona.
Singano alikuwa ameifikia kona.
Nikasema, Ruka.
"Usiruke!" Akanishika kidole.
"Wote wanaruka hapo, wote wanakufa.
Ngoja king'ora kilie, halafu sukuma polepole."

Kile king'ora nilikitega mwaka wa pili,
usiku mmoja wa homa, chini kabisa ya kelele za mashine,
nikiamini hakuna sikio litakalokifikia.
Kikalia. Singano akapita.
Msichana hakunitazama hata. Alikuwa na hatua nyingine ya kuvuka.

Nikarudi kwa miguu, hasira yangu ningali nayo,
ila sikujua tena niishike upande gani.
Kaunta yasema ishirini na tatu.
Usawa wa Barabara ya Tisa, mtu juu ya baiskeli
akanipita akipiga mluzi wimbo wa hatua ya tatu.
Mwishoni alikosea: pa kushuka, yeye akapandisha.

Nimewasha mashine. Nimeubadilisha mwisho.
Toleo lijalo litapanda kama mluzi wake.